Kipande Kimoja kwa Kila Trei

Mizani ya kliniki ilisema kilo themanini. Bi Trei akashuka, akavua viatu, akavua hereni, akavua hata pete iliyokuwa haivuliki, kisha akapanda tena. Themanini. Hiyo ilikuwa wiki ya tatu mizani inashikilia neno lake, na Bi Trei alihitaji iseme sabini na nane ifikapo tarehe ishirini ya mwezi uliofuata. Zilibaki siku ishirini na mbili.

Si kwamba alikuwa anatafuta kupendeza. Alishapita umri wa kujinyima ili gauni limkae. Alitaka kutoa figo. Mdogo wake, kinyozi mwenye mdomo mrefu kuliko mkasi wake, figo zake zote mbili zilikuwa zimegoma, na mwaka wa pili huo alikuwa analala kwenye mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki. Maji anakunywa kwa kipimo, kikombe kidogo asubuhi na kidogo jioni. Matunda makavu ndiyo hayaruhusiwi kabisa, kwa sababu yana madini ambayo figo zilizochoka haziwezi kuyatoa mwilini, na yeye tangu utoto alikuwa mlevi wa embe kavu. Bi Trei alikuwa habanduki kazini bila kubadili nguo, ili asimpelekee mgonjwa harufu ya embe ya kumtamanisha.

Vipimo vyote vilikubali. Damu ya dada na ya mdogo zilipatana kuliko wenyewe walivyowahi kupatana walipokuwa wanagombania kitanda cha dirishani. Kilichobaki ni uzito. Daktari mpasuaji alisema bila kuzunguka kwamba hampasui mtu mzima mwenye afya akiwa mzito kiasi kile kwa kimo chake. Alete sabini na nane, la sivyo nafasi ya chumba cha upasuaji ya tarehe ishirini na saba inakwenda kwa wengine, na wao wasubiri miezi minne. Kinyozi hakuhesabu miezi, alihesabu mashine. Miezi minne kwake ilikuwa mara hamsini na kitu za kuchomwa sindano.

Na Bi Trei hakuwa mvivu. Alianza na themanini na tisa. Akaacha soda, akaacha vya kukaangwa, akawa anapanda ngazi huku anajisemesha, na kilo tisa zikamtoka. Halafu zikakwama, kama gari lililofika kwenye tope.

Mtaalamu wa lishe, dada mmoja mwembamba mwenye miwani na subira ya ajabu, alifungua daftari la Bi Trei ukurasa kwa ukurasa. Mayai mawili ya kuchemsha. Mboga. Kipande cha samaki. Matunda, bakuli moja. Akaangalia daftari, akaangalia mizani.

"Mama, chakula kilichoandikwa hapa ni cha mtu anayepungua," akasema. "Kwa hiyo ama mizani inakosea, ama daftari."

Bi Trei alichukia hadi masikio yakapata moto. Akamjibu kwamba daftari lake haliongopi, kila kinachoingia mdomoni mwake anakiandika, na hata kidonge cha kichwa kimo. Dada wa lishe hakubishana naye. Alimwomba kitu kimoja tu: siku moja autazame mdomo wake kama anautazama mdomo wa mtu baki.

Alitoka pale akiwa amefura. Kesho yake aliingia kazini na bakuli tupu la plastiki kwapani, ameapa kumwonyesha yule binti kwamba anamsingizia mtu mzima.

Kazi yake ilikuwa kukausha matunda. Ilikuwa karakana ya chumba kimoja kirefu: upande mmoja meza za kuoshea na kukatia, upande wa pili makabati sita yenye feni, kila kabati na trei zake nne. Feni hazinyamazi, na harufu ya embe inaganda hadi kwenye nywele. Yeye ndiye msimamizi wa makabati, ndiyo maana ya jina lake. Na karakana ile ilikuwa na sheria moja iliyozidi zote: trei haitoki kabatini kabla Bi Trei hajaionja. Anachukua kipande, anakikunja, anakichana, anakitafuna akiwa amefumba macho, kisha anatikisa kichwa au anasema irudi nusu saa. Miaka kumi na mitano ulimi wake haujakosea. Na katika miaka hiyo yote hakuna aliyewahi kuiita shughuli ile kula. Wakataji wakijiramba vidole anawafokea kwamba wanakula mali, kisha anaweka kipande mdomoni na kuendelea na safari yake. Kuonja ni kazi. Kazi haiandikwi kwenye daftari la chakula, kama vile mpishi hasemi ameshiba moshi.

Siku hiyo akajiwekea utaratibu. Kila kipande kitakachoingia mdomoni, kingine cha ukubwa uleule kinaingia kwenye bakuli.

Trei ya kwanza, kipande kimoja. Ah, lakini pembeni hukauka kabla ya katikati, na mtu makini lazima aonje kote. Viwili, basi. Trei ya pili, viwili. Alipofika kabati la tatu alichungulia bakuli na hakuona kitako chake. Akajipa moyo kwamba ni vipande vyembamba, tena ni matunda, si keki. Mchana akala mboga zake na mayai yake, na baada ya hapo akateremshia bakuli lake la kila siku la zabibu kavu na tende, alilolianzisha mwezi uliopita alipoacha biskuti, na lililompa fahari kubwa. Akashika kalamu. Matunda, bakuli moja. Kalamu ikasita hewani. Akapima zabibu na tende nyingine sawa na zile na kuzimimina kwenye bakuli la plastiki.

Jioni, kabla ya kufunga, akalipeleka bakuli kwa Mzee wa Mizani. Huyu ndiye anayepima matunda yakiingia mabichi na yakitoka makavu, mtu wa maneno machache anayependa namba kuliko watu. Akatenganisha maembe na mengine, akapima.

"Embe, gramu mia na sabini," akasema. "Ya nani?"

Ya kwake, alikiri Bi Trei. Ya leo. Ya kuonja.

Mzee wa Mizani hakucheka. Alikwenda kwenye kreti ya maembe mabichi, akaanza kutoa moja moja na kuyapima, kwa sababu kwake hesabu ilikuwa wazi: kilo kumi za embe kutoka kwenye kreti huzaa kilo moja kavu. Akayapanga mezani. Moja, mawili, matatu. Bi Trei alidhani atakomea hapo. Yakafika sita, manono, yenye mashavu mekundu.

"Kula haya yote," akasema Mzee.

"Sita? Nitapasuka, Mzee wangu."

"Jana uliyala. Na juzi. Zabibu na tende bado sijaziita."

Bi Trei akayatazama yale maembe. Akakumbuka kwamba msimu ulianza wiki tatu zilizopita, na ndipo makabati yalipotoka matatu yakawa sita. Wiki tatu. Siku ileile kilo zilipokwama. Mtu mwingine angeona aibu, na aibu ilikuwepo, maana nani duniani alipaswa kujua zaidi yake kwamba embe kavu ni embe zima lililovuliwa maji? Kila siku anayakausha kwa mikono yake. Lakini furaha iliipita aibu mbio. Kumbe mwili wake haukumgomea! Kumbe mwizi alikuwepo, na sasa ameshikwa shati! Akacheka hadi wakataji wakatoka kuangalia kulikoni, akamkumbatia Mzee wa Mizani ambaye hajawahi kukumbatiwa kazini, kisha akampigia simu mdogo wake.

Kinyozi alisikiliza hadithi yote bila kumkatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Kwa hiyo, dada," akasema mwishoni, "nafasi ya figo yangu imekaliwa na maembe."

Asubuhi iliyofuata Bi Trei alikuwa wa kwanza mlangoni kwa dada wa lishe. Aliingia akiwa tayari kuapa kwamba hatagusa tunda kavu mpaka anazikwa. Dada wa lishe akamzuia. Tunda kavu si adui, alimweleza. Nyuzinyuzi zake zipo na sehemu kubwa ya uzuri wake ipo. Kilichoondoka ni maji, na maji ndiyo yanayolijulisha tumbo kwamba kuna kitu kimeingia. Sukari yote imebaki, imejibana tu mahali padogo. Kwa hiyo apime gramu thelathini, kiganja kisichojaa, ahesabu kwamba amekula tunda zima, na siku hiyo tunda jingine lipishe. Achanganye na mtindi usio na sukari, au atafune polepole na gilasi ya maji. Na aliandike kwa jina lake. Lile neno "matunda" yeye alikuwa analisoma akiona papai na tikiti.

Zabibu zilikuwa rahisi. Kuonja ndiko kulikomtoa jasho. Trei ikitoka mbichi katikati, mfuko mzima unaota ukungu, na jina lake la miaka kumi na mitano linaota nao. Kwa upande mwingine mkono wake ulikuwa umezoea: siku ya kwanza ulipanda mdomoni wenyewe mara tatu kabla hajajua, na mara tatu akatema. Siku ya pili akaja amevaa barakoa, ameifunga kwa fundo la nyuma lisilofunguka upesi. Wakataji walivunjika mbavu. Wakamuuliza kama anaenda kufanya upasuaji, naye akasema ndiyo, tarehe ishirini na saba Mungu akipenda.

Vidole vikaanza kazi ya ulimi. Anakunja kipande, anakichana, anakibinya kwenye mpasuko aone kama tone linachungulia. Kisha vipande vya moto vinaingia kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko; kioo kikipata ukungu wa mvuke, trei inarudi. Siku za mwanzo alirudisha trei nyingi kwa woga, na Mzee wa Mizani akanung'unika kwamba embe linakuwa ngozi ya kiatu. Wiki ya pili mikono ikakubali. Iligundulika kwamba ilikuwa inajua siku zote, ila mdomo ulikuwa unaiwahi kusema.

Wiki ya kwanza, sabini na tisa na nukta mbili. Ya pili, sabini na nane na nukta tano. Alikuwa anatembea kwenda na kurudi kazini kwa mwendo wa mtu aliyesahau jiko linawaka. Jumanne ya wiki ya tatu kinyozi aliishiwa nguvu katikati ya kazi, akakaa sakafuni na mashine ya kunyolea mkononi, na mteja akaondoka na nywele nusu kichwa. Alimsimulia dada yake kama kichekesho. Bi Trei akacheka naye, akakata simu, akalia jikoni kwa uchungu, akafuta macho, akapima gramu zake thelathini na kuzirudisha nusu.

Tarehe ishirini wakaenda wote wawili. Dada wa lishe alikuwepo, na daktari mpasuaji alipita kana kwamba ana shughuli nyingine pale. Bi Trei akavua viatu, akapanda, akafumba macho. Moyo ulimwenda mbio hadi akaogopa nao utaongeza uzito. Akamwomba mdogo wake asome.

Namba haikuja. Alimjua mdogo wake, akadhani ni mzaha wake wa kawaida, akataka kumtukana. Alipofumbua macho akamkuta ameshika ukingo wa mizani kwa mikono miwili, machozi yanamdondoka hadharani, na anazielekeza tarakimu kwa kidevu. Sabini na saba na nukta nane.

"Tarehe ishirini na saba," akasema daktari. "Msichelewe."

Hawakuchelewa.

Miezi mitatu baadaye kinyozi aliingia karakana kwa miguu yake, mnene kidogo mashavuni, akiwatania wakataji mmoja mmoja. Majibu ya damu ya asubuhi ile yalikuwa mazuri, na daktari alikuwa amemruhusu kidogo, kidogo sana, cha kile alichokuwa anakiota. Bi Trei alivuta trei ya kabati la nne, akachagua kipande cha katikati na kumpa.

Alitafuna akiwa amefumba macho, polepole, kama vile dada yake alivyokuwa akifanya zamani. Chumba kizima kilisimama kumtazama.

"Bado kidogo," akasema.

Bi Trei alimwambia asiwe na kiherehere, akatia vipande kwenye chupa na kufunga. Dakika si nyingi kioo kikapata ukungu. Wakataji wakashangilia, na Mzee wa Mizani akasema kwamba hatimaye wamepata ulimi mwingine. Bi Trei akarudisha trei, akachomoa daftari lake mfukoni, akamwekea mdogo wake mbele pamoja na kalamu. Kuonja ni kula, akamwambia, aandike. Naye akaandika kwa mwandiko wake mbaya: embe kavu, kipande kimoja.

Kisha akaomba maji. Dada yake akamjazia gilasi kubwa mpaka juu, naye akainywa yote kwa mkupuo mmoja huku koo linacheza, akafuta mdomo na kuomba ya pili. Bi Trei akaijaza tena, na safari hii hakuna aliyepima.