Tarakimu Arobaini na Nane

Mzee Silvester wa Misunkumilo aliiua kompyuta yake kwa mikono yake mwenyewe, tena akidhani anaiokoa. Ilikuwa Jumanne mchana, mvua za Novemba zimeanza, na radi ya kwanza ilipolia upande wa Magamba akafanya kila anachofanya mtu mwenye akili timamu huku kwetu: akachomoa redio, akachomoa chaja ya simu, akafunika kioo cha kabati kwa shuka, kisha akaigeukia kompyuta. Yenyewe ilikuwa imeandika kwamba inajisasisha na isizimwe. Mzee akasoma mpaka mwisho, akasema, "Radi haisomi maandishi," akakandamiza kitufe mpaka ikanyamaza, akaifunika kwa kitenge. Mvua ilipokatika akaiwasha. Badala ya kufunguka kama siku zote, ikamletea ukurasa wa bluu unaodai namba ambayo hajawahi kuisikia tangu azaliwe.

Alhamisi akaitia kwenye mfuko, akapanda bodaboda mpaka mjini Mpanda kwa Dorice, fundi wa simu na kompyuta mwenye kibanda karibu na soko. Dorice ana miaka ishirini na nane, mkono wake mwepesi na ulimi wake mwepesi zaidi. Watu humvumilia ulimi kwa ajili ya mkono.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea mgonjwa."

Dorice akaiwasha, akausoma ule ukurasa, akacheka puani. "Uliizima ikiwa inajisasisha."

"Radi ilikuwa inapiga."

"Haya. Sasa imeogopa, imejifungia. Inataka ufunguo wake, tarakimu arobaini na nane. Unazo?"

"Arobaini na nane! Hata kitambulisho cha taifa hakifiki huko."

"Basi usipate tabu. Naingiza flash yangu hapa, nafuta kila kitu, nairudisha ilivyotoka kiwandani. Saa moja tu, utaiona kama umeinunua leo."

Mtu mwingine hapo angeshukuru na kwenda zake kunywa chai. Mzee Silvester akaweka kiganja juu ya kompyuta. "Hapana. Isifutwe. Humo mna vitu."

"Vitu gani?"

"Orodha za kikundi chetu cha nyuki. Barua za kanisa. Mihtasari ya vikao."

"Si nilikuwekea nakala kwenye flash, wakati wa Pasaka? Nikakuonyesha na namna ya kuongeza mpya? Iko wapi?"

Ilikuwa inaning'inia kwenye funguo za nyumba, mfukoni. Dorice akaichomeka kwenye mashine yake. Orodha zimo, barua zimo, mihtasari imo mpaka ya wiki iliyopita, maana mzee ni mtu wa utaratibu na utaratibu wake ndio ulimponza.

"Mzee, hapa hakipotei kitu. Nifute?"

"Usifute."

"Kwa nini sasa?"

Mzee akajifanya amepaliwa, akakohoa.

Ngoja niwaambie kilichokuwa kinamkohoza. Kompyuta ile alinunuliwa na Rénovat, mtoto wake wa kwanza, aliyepata kazi Kigoma kwenye ofisi ya mambo hayohayo ya mitandao. Alikuja nayo likizo, akakaa na baba yake mezani siku tatu akimfundisha, na mama yake, Generosa, akiwaletea uji na kuwacheka wote wawili. Mzee hakuwa na barua pepe, kwa hiyo kijana akaifungua kwa akaunti yake mwenyewe. Ufunguo, kama ulikuwa popote duniani, ulikuwa kwa Rénovat. Na mzee aliyajua hayo tangu Jumanne ileile, kwa sababu ukurasa wa bluu ulidokeza chini kabisa barua pepe inayoanza na herufi za jina la mwanawe. Aliziangalia zile herufi hadi uji ukapoa.

Huu ulikuwa mwaka wa pili baba na mwana hawasemeshani.

Generosa alifariki mwezi wa tatu wa mwaka uliotangulia, masika yamekolea. Rénovat alipanda basi siku ileile aliyopewa habari. Basi likazama kwenye tope baada ya kupita Uvinza, abiria wakalala porini, mtandao hakuna. Nyumbani wazee wakasema mwili hauwezi kungoja zaidi, na mzee akaitikia. Wakazika saa saba mchana. Rénovat akafika saa kumi na mbili jioni, tope mpaka kiunoni, watu bado wamekaa msibani, na baba yake, ambaye alikuwa hajala wala kulala siku mbili, akamwambia mbele ya wote: "Umekuja kumzika nani? Sisi tumeshamaliza."

Basi, hayo tu. Kijana akaenda kaburini, akapiga magoti, akalala kwa jirani, na kulipokucha akaondoka.

Mzee angetoa hata shamba lake la bondeni ayarudishe yale maneno. Lakini ataanzia wapi? Mtu mzima, mzee wa kanisa, anayesuluhisha ndoa za mtaa mzima na kuwaambia wenzake wajishushe! Mara ngapi aliitafuta ile namba kwenye simu, akaibonyeza, akaikata kabla haijaita. Alikuwa ameamua kufa na tai shingoni, na hata tai yenyewe hakuwa nayo.

Ukaidi ule haukumzuia kumkumbuka mwanawe. Joséline, binti yake, alikuwa akizungumza na kaka yake kwa simu kila Jumapili nyuma ya jiko, na kila Jumapili mzee alihamishia kigoda chake upande wa pili wa ule ukuta, akisema anafuata kivuli. Hata siku za mawingu alifuata kivuli. Akisikia kicheko cha Rénovat kwenye simu alimeza mate na kufunua ukurasa wa Biblia ambao hakuwa anausoma. Na watu wakawa wanamuuliza habari ya kuganduka. Kwao, watu wa asili ya Burundi, msiba hauishi siku ya kuzika; baada ya mwaka ukoo unakaa, unakula, unakunywa, ndipo wafiwa wanagandukishwa na kurudi kwenye maisha yao. Nani atagandukishwa mtoto wa kwanza hayupo? Mzee akasema wangoje mahindi yavunwe. Halafu akasema alizeti. Halafu akaacha kujibu.

Sasa mnamwelewa. Ule ukurasa wa bluu ulikuwa umempa sababu ya kupiga simu, sababu safi, ya kiufundi, isiyomvunjia mtu heshima yake. Na huyu Dorice alitaka kuifuta kwa saa moja.

"Nani aliifungua hii mara ya kwanza kabisa?" Dorice akauliza.

"Mwanangu. Yuko Kigoma."

"Si umpigie! Anaingia kwenye akaunti yake, anatusomea. Dakika kumi tumemaliza."

"Ana kazi nyingi."

"Mtumie meseji."

"Meseji hasomi."

"Hana dada? Dada yake ampigie."

"Dada yake namba ndefu zinamchanganya."

Dorice akaweka bisibisi chini. "Mwalimu Joséline? Aliyemfundisha mdogo wangu hesabu mpaka akapata A? Namba zinamchanganya?"

Mzee akavitazama viatu vyake.

Dorice hakuwa na siku nzima ya kubembeleza. Mama mmoja alikuwa anangoja simu iliyotumbukia kwenye ndoo, na kijana mwingine alikuwa anagonga meza kwa sarafu. Akachomeka flash, akaiwasha kompyuta kupitia huko, akabonyeza hapa na pale, hadi ikafika kwenye swali lake la mwisho: kila kitu kitaondolewa na hakitarudi, je, iendelee?

"Mzee, nabonyeza. Ukirudi nyumbani utanishukuru."

"Usiguse!"

Sauti ilitoka kubwa hata muuza nyanya wa nje akageuka. Mzee mwenyewe akashtuka. Akaiteremsha. "Usiguse, mwanangu, nakuomba. Ikifunguka bila yeye sina cha kumwambia. Nitampigia nimwambie nini?"

Mama mwenye simu ya ndoo akatazama pembeni. Dorice akachomoa flash polepole. Akaondoa skrubu na vifuniko mezani, akasafisha nafasi kwa kiganja, akaiweka pale simu ya mzee.

"Mwambie unataka tarakimu arobaini na nane," akasema. "Hilo tu. Usibebe mengine."

Mzee akabonyeza, na safari hii hakukata. Simu ikaita. Alikuwa anaomba Mungu ipokelewe, na papo hapo anaomba isipokelewe.

"Haloo?" Kisha, taratibu: "Dawe?"

Dawe ni baba, kwa Kirundi. Joséline na ualimu wake humwita Baba. Ni Rénovat peke yake aliyebaki na lile neno la utotoni.

"Ni mimi. Kompyuta imegoma."

"Imegomaje?"

"Inadai namba. Niliizima, radi ilikuwa inapiga, na yenyewe inajisasisha."

"Dawe, si nilikwambia usiizime ikiwa inajisasisha?"

"Uliniambia."

Loo! Wanaomfahamu Mzee Silvester wangekuwepo wangeshika vichwa. Yule mzee hajawahi kukubali kosa hata la kukukanyaga mguu.

Dorice akaweka simu kwenye spika, akajitambulisha, akamsomea Rénovat alama za utambulisho zilizokuwa kwenye ukurasa. Wakasikia vidole vikigonga kibodi huko Kigoma. "Nimeuona ufunguo," akasema. "Ni makundi manane, kila kundi tarakimu sita. Nyie mko tayari?"

"Soma," akasema baba yake.

"Sita, moja, moja, nne, tisa, sifuri."

Mzee akarudia moja moja, Dorice akaandika.

"Mbili, sifuri, nne, moja, tatu, nane."

Mzee akarudia. Baada ya kundi la tatu Rénovat hakuendelea mara moja. "Mvua zimeanza huko?"

"Zimeanza."

"Mmeshapanda?"

"Mahindi yamechomoza. Maharage bado."

Kundi la nne. Kundi la tano. "Na magoti yako?"

"Asubuhi yananisumbua."

"Joséline hajaniambia."

"Hajui. Sijamwambia mtu."

Akawa amemwambia yeye. Kijana akasoma kundi la sita, na sauti yake ilikuwa imeshuka. Mzee akahesabu kwa vidole chini ya meza: yamebaki mawili. Akaingiwa na woga wa kweli. Tarakimu kumi na mbili tu, halafu ahsante, halafu kwaheri, halafu ukuta wa jiko kila Jumapili mpaka kufa. Akaanza kurudia polepole, akiacha nafasi kati ya tarakimu na tarakimu, kama mtoto anayebakiza kipande cha nyama wali unapokaribia kuisha. Dorice alimuona. Naye akaanza kuandika kwa kidole kimoja.

Lakini hata kwa kidole kimoja safari inafika. "Tano, tano, moja, saba, sita, tisa," akasoma Rénovat. "Zimekwisha, Dawe."

Dorice akabonyeza. Ukurasa wa bluu ukatoweka, vidoti vikazunguka, na kompyuta ikafunguka na kila kitu chake: orodha za nyuki, barua, na karata anazocheza mwenyewe jioni. Dorice akamgeuzia, akanyanyua kidole gumba.

"Imekubali?" Rénovat akauliza.

Mzee akaitazama kompyuta. Akamtazama Dorice.

"Bado," akasema. "Soma tena."

"Kuanzia wapi?"

"Kuanzia mwanzo."

Dorice akaziba mdomo kwa kiganja. Huko Kigoma Rénovat akavuta pumzi, akaanza upya: sita, moja, moja, nne. Mzee hakurudia tena. Alikuwa anasikiliza tu, ameinamia simu, machozi yanamshuka mbele ya wateja naye hayafuti. Katikati ya kundi la tatu kijana akasimama.

"Dawe, sisikii mtu akiandika."

"Hatuandiki."

"Imefunguka?"

"Imefunguka tangu ile ya kwanza."

"Sasa mimi nasoma za nini?"

"Kwa sababu ukimaliza utakata simu," akasema mzee. "Na mimi bado sijakuomba msamaha."

Kwenye spika hakukuwa na sauti, si ya kibodi wala ya pumzi. Kijana mwenye sarafu akaacha kugonga. Mzee akaisogeza simu karibu zaidi, akaishika kwa mikono miwili, akidhani imekatika.

"Sema, Dawe," akasema Rénovat. "Sikati."

Dorice akainuka, akawatoa wateja wake nje mmoja mmoja, akavuta mlango.