Mgomba wa Murunga

Wepukhulu alitoka Kawangware Jumapili asubuhi akiwa na mgomba begani, akaja nao kwa miguu hadi kwangu kwenye mabanda ya Silanga. Watu wa mtaa jirani wa Laini Saba walimcheka njia nzima. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimechoka, na nilijua mgomba ule ni wa kazi gani.

Kwetu Bungoma, mtu akifa na maiti isionekane, jamaa huzika mgomba mahali pake na kuulilia kama maiti. Mume wangu Murunga alipotea usiku wa mapigano ya kikabila ya mwaka wa tisini na mbili. Miaka minne sasa, hana kaburi. Wazee walimwambia Wepukhulu wazi kwamba hawezi kuoa mjane ambaye mumewe hajazikwa. Nyumbani hatukanyagi tena, shamba lina wenyewe wengine. Ndiyo maana akaniletea mazishi hapa, kwenye kishamba changu cha mboga za sukuma kando ya bwawa.

Wepukhulu ni seremala, nami nampenda, nisiseme uongo. Usiku ule alikuwa jirani tu, tukajificha pamoja kwenye mahindi, washambuliaji wakitutafuta. Tukamsikia Murunga akiniita. Nilitaka kuitika. Wepukhulu akaniziba mdomo kwa kiganja mpaka sauti ile ikanyamaza. Kila mtu husema aliniokoa. Nami husema hivyo hivyo.

Alichimba shimo likamfika magotini, kisha akasimama.

"Nelima, kabla hatujamlaza, wacha nikwambie. Hata wakati huo nilikuwa nakupenda. Sijui kama nilikuziba mdomo kwa kuogopa wale washambuliaji peke yake."

Nilikaa chini kwenye udongo. Ningemtukana, lakini nguvu za kutukana ningezitoa wapi?

"Mkono wako ulikuwa kwa meno yangu," nikamwambia. "Ningekuuma. Sikukuuma. Niliogopa kufa, Wepukhulu, halafu nikakuachia wewe lawama miaka yote hii."

Tukaulaza mgomba, tukaufukia, na nikamlilia Murunga mpaka majirani wakaja kunishika.

Sasa hakuna mzee angetuzuia. Wepukhulu alinawa miguu bwawani, akaniangalia, nami nikamwangalia, na hakuna aliyeweza kutaja ndoa. Akashika njia ya Kawangware. Nampenda hadi leo, na sijamfuata.