Misumari Mdomoni

Daktari alimwambia mume wangu atembee kwa sababu ya presha. Alimaanisha barabarani, jioni, polepole. Wazo la kupanda mlima lilikuwa langu, na nalisema mapema asije akatokea mtu wa kunikumbusha.

Ile njia haijaona panga kwa miaka. Nyasi zilitufika kiunoni, ngazi za mbao zilikuwa zimeoza, na karibu na kidaraja cha kuvukia korongo, kibao cha kuonyesha njia kilikuwa kimelala chali. Mume wangu ni seremala. Kila kilichovunjika alisimama kukitazama na kusikitika, kama mtu aliyefika msibani. Mimi nilikuwa nachemka, maana mlango wa jikoni kwangu unaning'inia kwa bawaba moja tangu mvua zilizopita, na sijawahi kumwona akiusikitikia.

Katikati ya daraja ubao ukavunjika, mguu wangu ukazama hadi gotini. Akanivuta. Badala ya kumshukuru, nikampasha.

"Mbao za watu unaziona, mlango wako mwenyewe huuoni!"

"Pole, mke wangu. Umeumia?"

"Niache!"

Nikatangulia peke yangu. Nilipanda hadi kwenye jiwe kubwa, nikakaa kumsubiri aje aniombe msamaha, huku naandaa majibu. Kutoka chini nikasikia ko, ko, ko. Nikajisemea ni kigogota, hata ndege wa mlimani wana kazi ya kufanya. Kisha sauti ikakoma, na mume wangu hakutokea. Nikasahau majibu yangu yote.

Nikaita. Kimya. Nikaanza kushuka, kwanza natembea, halafu nakimbia, mara nateleza kwa makalio, miiba inanichana gauni. Nilipoliona daraja, niliona na kofia yake. Ilikuwa chini kwenye maji, imenasa kwenye mawe.

Presha, nikawaza. Kizunguzungu kimemshika, ameanguka, na mimi ndiye niliyemleta huku, na neno la mwisho nililomwambia ni "niache". Nikakimbilia katikati ya daraja, nikalala kifudifudi na kuchungulia.

"Baba watoto! Baba watoto wee!"

Alikuwa chini yangu kabisa, amesimama juu ya mwamba, mzima kama nilivyomwacha, jiwe mkononi.

"Mmh," akasema.

"Nakuita hujibu?"

Akaonyesha mdomo wake kwa kidole. Misumari! Suruali za huyu bwana sizifui kabla ya kutoa misumari mifukoni, na akiwa kazini huibana kwa midomo, haitemi hata nyumba ikiungua. Nimeishi na tabia hiyo tangu aliponioa, na siku hiyo ndiyo nikaisahau.

Nilicheka huku nalia. Nilihisi nimetuliwa gunia kichwani. Yeye akagongomea msumari wa mwisho kwenye boriti, taratibu, akapanda juu akiwa amelowa hadi mapajani.

"Ulisema nikuache, nikakuacha," akaniambia. "Ila nilijua utashuka na hasira zako, hutatazama unapokanyaga. Nikaona niweke ubao kabla hujarudi."

"Ubao upi?"

"Huo uliolalia."

Nikainuka. Pale mguu wangu ulipozama palikuwa na kile kibao cha njia, kimegongomelewa vizuri, mshale wake unaelekea chini, upande wa nyumbani. Nilikuwa nimekifikia mbio bila kukiona, nikajitupa juu yake kumlilia mtu aliyekiweka.

Nilimshika mkono, baridi ya maji bado imo kwenye vidole vyake, na sikutaka kuuachia. Tulishuka hadi kwenye ngazi zilizooza. Hapo nikashindwa kujizuia.

"Na mlango wa jikoni?"

Akajipapasa mifuko yote, kwa utaratibu kabisa.

"Misumari imeisha," akasema.

Nikamkaza mkono, tukaendelea kushuka.