Kivuli Kilichokwenda Mikinduri

Alasiri moja mjini Maua, dereva Mursal alikuwa akikaza kamba juu ya shehena ya miraa garini, vitita vimefungwa kwa majani ya mgomba na kunyunyizwa maji, pale kivuli chake kilipojitenga na nyayo zake. Kikavuka barabara, kikapita baina ya wauza ndizi pasipo kumgusa mtu, kikashika njia ya Mikinduri.

"Dere," akasema Njura, mpakizi wake, "kivuli chako kimetoka."

"Kimeenda wapi?"

"Kitaenda wapi tena? Kwa mgonjwa, Kailemia. Mmoja wenu lazima aende."

Mursal alikaza fundo la mwisho. Aliingia garini akaondoka, kwa kuwa miraa haimngoji mtu, ikinyauka, imekufa. Kwenye kizuizi cha Embu askari walikagua leseni. Habari za kivuli hawakuuliza.

Kailemia alikuwa utingo wake, kijana wa miaka ishirini na mitatu, aliyemkeshesha kwa vichekesho katika kona zote za barabara ile. Mwaka uliopita alianza kulalamikia goti. Mursal alimchagulia kitita kizuri, akamwambia, "Tafuna, utasahau." Kailemia akatafuna, akasahau, akaendelea kubeba. Goti lilipovimba hata suruali ikakataa kupita, daktari alisema ni saratani ya mfupa, akauliza kwa nini wamechelewa. Tangu siku hiyo Mursal hakukanyaga Mikinduri, kwao Kailemia. Alijua vyema kuwa kumzuru mgonjwa ni haki iliyo shingoni mwa mja. Lakini kila alipoinama kuvaa viatu, aliliona lile goti.

Kivuli kilifanya kazi njema. Marcella, mama yake Kailemia, alikifungulia mlango na kukiwekea kigoda. Kilishika beseni mgonjwa alipotapika dawa. Kilimkinga jua alipotolewa uani. Kilimsindikiza hospitalini, ambako wodi yenye picha za wanyama ukutani ilikuwa ya watoto, na foleni ya watu wazima ilikuwa ya wazee, nao walimwuliza Kailemia amemleta mgonjwa gani. Kivuli kiliposimama kando yake, wazee waliacha kuuliza.

Sifa zikaenea. Msikitini watu walimpa Mursal mkono kwa heshima. Sharifo, mkewe, akawa anakanda chapati kila asubuhi na kukifungashia kivuli.

"Na mimi?" Mursal aliuliza.

"Wewe utakula ukirudi. Kivuli kina mgonjwa."

Kisha Kailemia akamtumia ujumbe wa sauti. Sauti yenyewe ilikuwa imekonda. "Dere, kivuli chako ni mtu wa maana, wallahi, kama mnavyosema. Lakini hakijui kisa cha yule mbuzi wa Manyatta aliyekula leseni yako. Nakihadithia, kinatikisa kichwa tu. Njoo wewe tucheke. Na mambo ya goti uyaache, bana. Nilitafuna kwa meno yangu."

Laiti angalilaumiwa, Mursal angalijitetea. Lakini alikuwa amesamehewa.

Ijumaa, baada ya sala, alielekeza gari Mikinduri na shehena ikiwa nyuma. Marcella alikuwa mlangoni akimenya ndizi.

"Mursal! Karibu. Kiko ndani."

"Nimekuja mwenyewe, mama."

"Basi ingia, mwanangu. Amekuulizia sana."

Kwa mlango uliokuwa wazi alikiona kivuli chake kimempakata Kailemia kichwa, kikimnywesha uji kwa kijiko, polepole, kikipangusa kidevu. Nywele hazikuwapo tena, wala nyusi. Kailemia alimwona, akatabasamu, akainua mkono. Mursal naye akainua wake. Baina yao palikuwa na hatua chache na kizingiti.

"Miraa inanyauka, mama," akasema.

"Haya," Marcella alijibu bila kinyongo. "Nenda. Kazi ni kazi."

Akaenda.

Kailemia alizikwa wiki iliyofuata, kando ya migomba ya babaye. Mursal alifika mapema, akasimama karibu na ua. Baada ya mchungaji kuomba, watu walipanga mstari kuwapa pole wafiwa. Walimshika mkono Marcella, kisha kivuli. Na walipofika kwa kivuli walikawia, wengine wakilia begani mwake. Njura alikikumbatia. Mursal walimpita kwa adabu, kama mtu ampitavyo mgeni asiyemjua marehemu. Hapakuwa na chuki. Kila mmoja alimjua aliyefiwa ni nani.

Mursal akajiunga na mstari, nyuma ya akina mama wa kanisa. Zamu yake ilipowadia, alikipa kivuli chake mkono. Kilikuwa na kiganja chenye joto, kigumu kwa kazi.

"Pole sana," akakiambia.

Kivuli kikaitikia kwa kichwa, kikamgeukia aliyefuata.