Haidroliki Aliyotumwa Mama Enesi

Ni fundi wa magari hapa Tunduma tangu mwaka themanini na saba, na miaka yote hiyo nimewafokea wateja wanaoniletea mafuta yasiyo yenyewe. Ulimi ninao, sikatai. Ila mwaka 2009 kuna mtu mmoja nilipaswa kumfokea, naye ni mimi, nikachelewa.

Mzee Mbonile alikuwa na pikapu kuukuu, umri wake sawa na wa binti yake wa kwanza, Enesi. Mkono wa kushoto wa mzee ulipopungua nguvu ukabaki wa kubadilishia gia tu, usukani ukamshinda. Nikamfungia pawa steringi niliyoitoa kwenye gari lililoanguka kule Mpemba. Siku alipokata kona kwa mkono mmoja alilia, mtu mzima yule, na mkewe akamcheka mpaka akakaa chini.

Steringi ile inatumia mafuta mekundu, yale ya giaboksi otomatiki. Yalipopungua, Mama Enesi alikuwa anavuka kwenda Nakonde kununua sabuni. Nikamwambia, "Mama, niletee na haidroliki, kopo moja." Nilisema hivyo tu. Na hapa mpakani haidroliki ni neno la ovyo. Mwenye tipa anamaanisha mafuta ya kunyanyulia bodi, sisi wengine tunamaanisha ya steringi, na dukani kule ng'ambo ukilitaja wanakupa ya breki. Nilijua, na hata kikaratasi sikumwandikia. Aliporudi nilikuwa na lori la Wazambia wenye haraka zao, nikafungua kopo nikamimina. Ya steringi ni mekundu. Haya aliyoleta hata rangi sikuitazama.

Mafuta ya breki huvimbisha sili za mpira za steringi mpaka zinaharibika. Wiki mbili baadaye zikaachia mlimani, usukani ukawa mzito ghafla, mzee akaingia mtaroni. Hakuumia. Gari likavutwa hadi gereji, akaniuliza mbele ya watu, "Fundi, nini hiki?"

Nikajibu, "Mafuta aliyoleta mama hayakuwa yenyewe."

Kweli hayakuwa yenyewe. Lakini nilivyosema, na nilivyonyamaza baada ya hapo, ulikuwa uongo, na mimi nilijua ni uongo.

Mzee akasusa chakula cha mkewe. Wiki tatu alikula kwa Enesi, nyumba ya pili kutoka kwake, na mkewe hakupata kwake zaidi ya salamu. Mama alikuja gereji mara moja tu. Hakunilaumu. Aliuliza tu, "Fundi, hivi kule dukani ningesemaje?" Nikamwambia nina kazi nyingi. Siku sita baadaye presha ikampanda, akafia njiani kwenda hospitali.

Mzee alinijia siku hiyo hiyo. "Nifungie sili mpya," akasema. "Nilimwahidi kwamba nitamrudisha kwao Ileje mwenyewe, asibebwe na gari la kukodi. Amenikosea, lakini nilishaahidi."

Nilisafisha steringi boksi, nikafunga sili, nikamimina mafuta mekundu huku nikisoma kopo herufi kwa herufi, nikazungusha usukani kushoto na kulia mpaka mapovu yakaisha. Ulikuwa mwepesi kuliko mwanzo. Ningeweza kumkabidhi funguo nikaenda zangu.

Asubuhi ya safari watu walipita kumuaga marehemu, mzee akabaki amesimama kando ya pikapu, hakusogea. Nikaona anakwenda kumzika na lile "amenikosea" moyoni. Nikashindwa.

"Baba," nikamwambia, "mama hakukosea. Mimi ndiye niliyemtuma vibaya, na mimi ndiye niliyemimina bila kutazama. Nikakuacha umlaumu yeye."

Nilisubiri kofi, na ningelipokea.

"Mwenyewe alijua hakukosea?" akauliza.

"Alijua. Alikuja gereji kuniuliza angesemaje dukani."

"Mbona hakuniambia?"

"Mlikuwa hamuongei, baba."

Akanipa funguo. "Endesha wewe," akasema. Akavua kofia, akapanda nyuma, akakaa sakafuni kando ya jeneza, mkono wake mzima juu ya mbao. Enesi alimsihi akae mbele kwa sababu ya vumbi. Hakushuka.

Barabara ya kutoka Mpemba hadi Isongole, kule Ileje, ni kona tupu, na dirisha la nyuma la pikapu halikuwa na kioo. Aliongea Kindali, lugha ya kwao, nami nakisikia. Alikuwa anamsimulia mkewe zile wiki tatu, siku baada ya siku: leo alikula nini kwa Enesi, kesho yake alikula nini, na kwamba maharage hayakuiva, na kwamba kila siku alitoka pale na njaa.