Mashine ya Moyo Yasubiri Kura

Kwa miezi minane mashine ya kushtua moyo ilikaa kwenye boksi, ndani ya stoo ya klabu ya mpira wa mikono, kwa sababu wanachama hawakuwa wamepiga kura itundikwe ukuta upi. Watu wa huku Ujerumani hata msumari hawaugongi bila kikao.

Jumamosi moja Wiebke, mtoto wa miaka kumi na mmoja, alianguka uwanjani, mle ukumbini, kama gunia, hapumui. Kocha akapiga magoti, akaanza kumkandamiza kifua na kumpulizia pumzi mdomoni. Mtu akaita ambulensi. Gerlinde, muuza keki wa klabu, akakimbilia stoo.

"Mama Gerlinde, ngoja!" mwenyekiti Detlef akamzuia mlangoni. "Hiyo bado haijapitishwa!"

"Pisha hapo, Detlef, nisije nikaanza na wewe!" Akalipasua boksi kwa kisu cha keki, akaikimbiza mashine uwanjani.

Mashine ikamshtua mtoto mara moja tu. Wiebke akakohoa, akaanza kulia, na ukumbi mzima ukalia naye.

Wiki iliyofuata kikao kikaitishwa. Ajenda ya kwanza: nani kachana boksi? Ya pili ikapita, kura moja tu ikipinga: mashine ifungiwe ofisini, na ofisi hufunguliwa Jumanne tu, saa kumi hadi kumi na mbili jioni.

Gerlinde akanyoosha mkono. "Sawa, bwana mwenyekiti. Na watoto, nani atawaambia waanguke Jumanne?"

Detlef akaliandika swali lile kwa mwandiko safi, akalipangia kikao kijacho.