Mkurugenzi Ndani ya Bidoni la Daphrose

Alhamisi moja, saa nane na robo mchana, Adija alifungua bomba la umma la avenue ya kumi na nne, mtaani Buyenzi, akaliweka bidoni la Daphrose, dumu la plastiki, chini yake, akaendelea kumsimulia mwenyewe habari za jirani aliyepika mihogo akasahau chumvi kisha akamsingizia mumewe. Foleni ilikuwa na mabidoni thelathini na moja na watu kumi na wanane tu, kwa kuwa siku hizo bidoni lilipanga foleni na mwenye bidoni akaenda zake kufua. Ufunguo wa bomba aliushika Adija. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na mbili, na hakuna aliyewahi kumruka mwenzake katika foleni yake akabaki na raha ya siku hiyo.

Maji yalitoka na povu. Tangu nguzo za umeme zilipoangushwa na waasi huko milimani, katika mwaka huo wa pili wa vikwazo vya biashara, umeme ulikatika kila ulipojisikia, na kila ulipokatika maji ya Buyenzi yalitoka vuguvugu, yamejaa povu, yananukia sabuni ya waridi. Mtaa uliyapokea kwa mikono miwili. Sabuni ilikuwa imeadimika mjini kote, na hapa ilitiririka yenyewe. Wanawake walifua mashuka kwa kuyalowesha tu. Aliyekunywa vikombe viwili vya chai alitoa mapovu madogo alipocheka, na kwa kuwa mapovu yenyewe yalichekesha, alicheka zaidi. Kwenye harusi moja ya avenue ya ishirini watu walicheka mpaka mapovu yakafika madirishani na bibi harusi akatafutwa kwa kupapasa. Alipatikana, akaolewa.

Msikitini palizuka swali. Shehe alinusa maji, akayaonja, akafungua kitabu, akasema kwamba maji yaliyobadilishwa harufu na ladha na sabuni ni safi, lakini hayafai kutawadhia. Basi wanaume wa avenue ya kumi na nne wakawa wanatayamamu kwa vumbi la ukutani huku bomba likimwagika pembeni yao. Hawakunung'unika, kwani vumbi lilikuwa tele.

Aliyeumia ni Khaled. Khaled alikuwa mjukuu wa Adija, mtoto wa binti yake Saliha, wa miezi minane, na tumbo lake lilikuwa likiendesha tangu mwezi uliopita. Adija alichemsha maji mpaka yakabaki nusu, akapata sabuni kali zaidi. Kule zahanati muuguzi alimpa Saliha pakiti za chumvi za kukoroga katika maji safi. Saliha aliuliza maji safi yako wapi. Muuguzi akaliandika swali hilo katika daftari, akamwita mgonjwa mwingine. Mtoto alikuwa amebaki macho na masikio, na kila Adija alipombeba na kuona alivyo mwepesi alishikwa na woga ambao bunduki za milimani hazikuwahi kumtia.

Térence, mkaguzi wa ofisi ya maji, alikuwa amekwisha kuja na pikipiki yake. Alikinga kiganja, akanusa, akaeleza. Umeme ukikatika pampu zinasimama, na bomba kubwa linabaki na kiu. Likiwa na kiu hunyonya popote linapokuta mdomo uliozama majini. Huko juu mlimani, kwa wakubwa, kuna nyumba ambayo mpira wa bomba la kuogea umeachwa ndani ya hodhi, na hodhi lote linashuka Buyenzi.

"Dawa yake ni klape," alisema. "Inaacha maji iende, inaikataza kurudi. Tuliagiza, ni mwaka ya pili sasa. Ni vikwazo, Mama Saliha."

Kisha aliomba bidoni moja aoshe pikipiki, ikatakata vizuri sana.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na gereji ya Shaabani, na Buyenzi hawajapata kusubiri ndege ilete kitu ambacho Peugeot mbovu inacho. Kwa siku mbili Shaabani alitengeneza klape kwa supape ya injini ya Peugeot 504 na springi ya kiti. Ukipuliza upande huu pumzi ilipita, ukipuliza upande ule mashavu yalivimba bure. Watoto walipanga foleni kupuliza, kisha wazazi wao. Ilikuwa klape nzuri ajabu. Tatizo ni kwamba nyumba za mlimani zilikuwa mamia, na sabuni haisemi imetoka kwa nani.

Alhamisi hiyo ndipo ilipojulikana, maana baada ya povu bomba lilitoa sharubu. Zikafuata vidole, kisha goti, kisha tumbo, ambalo lilichukua muda mpaka foleni ikaanza kulalamika. Bidoni la Daphrose lilijaa hadi shingoni. Adija alilimimina taratibu katika karai kubwa la kufulia, na mwanaume mmoja wa makamo akasimama humo, amefunikwa povu hadi kifuani. Wanawake walitazama ukuta. Shaabani alileta kanzu.

"Pole na safari," Adija alisema.

"Asante, Mama. Hapa ni wapi?"

"Buyenzi, avenue ya kumi na ine."

"Aa. Mi ni Melchior, direkteri wa mizani na vipimo. Nilikuwa mu bafu, umeme ikakatika."

"Tunajua, Bwana Direkteri. Tunakunywaka sabuni yako."

"Na maji yangu?" Daphrose aliuliza. "Mi nilipanga mustari ya maji, sikupanga ya mutu." Akajaziwa tena, na hakuna aliyebisha, kwa sababu haki yake ilikuwa wazi.

Mkurugenzi alikaribishwa uani kwa Adija. Alikunywa chai, akasema ina harufu anayoifahamu. Hapo Adija alimchukua Khaled mgongoni mwa mama yake, akamweka magotini pa mgeni.

"Huyu mutoto anakunywa we," alimwambia. "Tangu mwezi jana."

Melchior alimtazama mtoto, akalia. Hakuwa mtu mbaya, na machozi yake yalikuwa machozi kweli. Shaabani alimweleza kuhusu mpira uliozama, akampa klape ikiwa imefungwa katika gazeti, na mkurugenzi akaapa kwa kichwa cha Khaled kwamba ataifunga siku hiyohiyo. Waliita teksi. Kwenye kizuizi askari alimuuliza kitambulisho kiko wapi, akajibu kiko mu bafu, wakamruhusu, kwani mwenye hila angetunga jibu lililo bora.

Akaifunga. Kwa siku sita maji ya avenue ya kumi na nne yalitoka baridi, matupu, yasiyo na harufu yoyote. Watu walikunywa vikombe vitano vitano kwa kuona raha tu. Tumbo la Khaled lilitulia siku ya tatu. Siku ya tano alimvuta Daphrose hereni akacheka, bila povu, na Saliha alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka kuuliza nani ameposwa. Adija alitembea mtaani akimwonyesha mjukuu wake kwa kila mtu, hata kwa watu waliomwona asubuhi. Furaha ilimpanda kichwani, akamruhusu mzee mmoja kupita mbele ya foleni, jambo ambalo halikuwahi kutokea na ambalo mzee mwenyewe alilikataa kwa kuogopa mtego.

Alhamisi iliyofuata umeme ulikatika, povu likarudi, na baada ya povu sharubu.

"Klape ni muzuri sana," Melchior alieleza akiwa ndani ya karai. "Lakini nayo hodhi inachelewa kujaa dakika kumi na moja. Madamu Elvire, muke yangu, hakupenda. Tumeiweka kando kidogo, tunatafuta njia."

Baada ya kikombe cha pili alikiri na jambo jingine. Huku Buyenzi hakuna aliyemletea karatasi ya kutia sahihi. Alikuwa amepakumbuka. Adija alikasirika, lakini mgeni ni mgeni, akamwongezea chai.

Tangu hapo Melchior alikuja kila umeme ulipokatika, yaani mara mbili au tatu kwa wiki. Kanzu yake ilipewa msumari wake. Alikula mishikaki ambayo daktari wake alimkataza, akacheza dama ya vizibo na mafundi, akamfunga Shaabani mara nne. Tena kipimo cha kwanza alichokifanya katika maisha yake ya kazi alikifanya pale: alipima bidoni la Daphrose akatangaza rasmi kwamba ni lita ishirini na moja, na Daphrose akatembea kwa maringo wiki nzima. Mtaa ulimpenda. Watoto walimwita Baba Povu, naye akaitika. Kila alipoondoka aliahidi klape, na kila alipoahidi alimaanisha. Na Khaled akarudi kuwa macho na masikio.

Alhamisi ya nne Adija hakufungua bomba. Alisimama mbele yake ameushika ufunguo mkononi, na foleni nzima ilimsikia mkurugenzi akishuka ndani ya bomba huku akiimba pole pole.

"Mama Saliha, fungua," sauti ilisema. "Nimefika."

"Klape iko wapi?"

"Iko mu kabati ya vyombo."

"Utatoka siku ile utairudisha."

"Nitairudisha. Nakuapia."

"Uliapa ku kichwa ya mutoto, Melchior. Tazama ile kichwa sasa."

Sauti ilisema kwa unyonge kwamba ana mkutano saa kumi, na mawaziri watakuwepo.

"Na mi niko na mjukuu," Adija alisema, asitikisike.

Angeshinda. Mtaa wote ulikubaliana baadaye kwamba alikuwa amebakiza dakika chache tu, kwa sababu mle ndani mlikuwa na baridi na Melchior hakuzoea baridi. Lakini wakati huohuo mtu mmoja katika soko la Jabe, mtaa wa pili, asiyejua lolote, alifungua bomba lake aoshe nyanya, na nusu ya chini ya mkurugenzi ikatokea sokoni. Ilijifunga gunia, ikasimama kistaarabu karibu na wauza viatu. Adija aliposikia habari alifungua bomba, maana hakuwa mkatili, akaitoa nusu ya juu. Daphrose alitumwa Jabe kwa baiskeli kuileta nyingine, naye aliitambua kwa magoti, yaliyopita mara nyingi katika bidoni lake. Shaabani aliziunganisha. Hakuwa na muda wa kutosha, na teksi ilikuwa inapiga honi, basi mkurugenzi aliingia mbele ya mawaziri amevaa kanzu ya fundi, na visigino vyake vimetangulia.

Serikali ina mambo inayoyavumilia na mambo isiyoyavumilia. Kesho yake tume iliundwa. Siku ya nne ndege ilitua na kasha kutoka ng'ambo, na vikwazo havikuwa na neno. Ndani mlikuwa na kifaa cha shaba kinachong'aa, na Térence alikipandisha mlimani yeye mwenyewe akiwa na wasaidizi wawili, akakifunga katika bafu la mkurugenzi.

Habari zilifika Buyenzi kabla yake. Saliha alipiga vigelegele. Shaabani hakuona wivu, au aliona kidogo tu, akasema shaba ya ng'ambo ni shaba. Wanawake walileta mabidoni waliyoyasugua kwa mchanga, wengine wakaja na glasi. Mtu alileta ngoma. Adija alivaa kanga mpya, akamwombea Melchior dua kwa sauti, na umeme ulipokatika saa nane na dakika tano akafungua bomba.

Povu lilitoka, vuguvugu, la waridi. Walisubiri. Sharubu hazikutoka.

Térence alifika na karatasi zake, akakinga chupa ndogo, akaiinua juani, akaitazama upande huu na upande ule.

"Safi," alisema.

"Térence, hii ni sabuni."

"Ndiyo."

"Si mulifunga klape?"

"Apana, Mama Saliha. Ile ni chujio. Klape ingezuia maji, na amri ilisema tuzuie direkteri."

Akampa karatasi atie sahihi. Adija aliisoma yote, maana alijua kusoma. Ilisema kwamba maji ya bomba la umma la avenue ya kumi na nne yamepimwa kwa macho na ndani yake hamkukutwa mkurugenzi, wala sehemu ya mkurugenzi, na kwa hiyo yanafaa kunywewa na watu wote.

"Sabuni unaandika wapi?"

"Fomu haina mustari ya sabuni," Térence alisema, na alionekana kusikitika. "Ukikataa, bomba linafungwa. Muende mutoni."

Adija alitazama foleni. Mabidoni yalikuwa arobaini na matatu, na safari hii kila bidoni lilikuwa na mtu wake. Alitia sahihi.

Wa kwanza alikuwa Saliha. Adija aliliweka bidoni chini ya bomba, akalijaza, akaliondoa povu la shingoni kwa kiganja, akafunga kizibo. Mgongoni mwa mama yake Khaled aliamka, akatoa ulimi, akaulamba mdomo uliokauka. Alikuwa na kiu. Wakampa maji.